Mama Wasiwasi na Foleni ya Mtaa wa Nyuma

Nimestaafu, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba dari ya sebuleni kwangu ina ufa. Ni ufa mwembamba na upo tangu tuhamie, ila nilikuwa sijapata muda wa kukaa chini yake. Sasa nauangalia kila ninapokunywa chai. Mume wangu anasema haoni kitu, na kwamba nimestaafu ili nipumzike, siyo ili nikague nyumba yake.

Ninyi wadogo zangu mliobaki kazini, hasa wasichana, mliniomba niandike kuhusu miaka yangu ya mwanzo. Nadhani mlitaka niwafundishe namna ya kutoogopa. Hilo mtanisamehe, silijui. Nimefanya uhandisi wa majengo maisha yangu yote na hakuna siku niliyomwaga zege bila kuogopa. Kwa hiyo nitaandika kuhusu hofu, na kuhusu jengo moja la Kariakoo ambalo baadhi yenu mmelipita mara nyingi mkienda kununua vitambaa.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nchi ina haraka ya kujenga na saruji haipatikani. Nilikuwa nimetoka Moshi, nikasoma chuo kikuu nikiwa msichana peke yangu darasani, kisha nikapangiwa kampuni moja ya umma ya ujenzi. Sitaitaja. Imeshakufa, na kwetu marehemu hasemwi. Siku ya kwanza nilifika saiti, nyuma kidogo ya Msimbazi, nikiwa nimevaa gauni langu la kanisani, kwa sababu mama yangu aliniambia mtu akienda kazini avae vizuri. Nilikuta ngazi ya mbao imeegemezwa kwenye nguzo na vibarua wamekaa chini yake wakinisubiri nipande. Sikupanda. Nilikagua vya chini tu siku nzima, nikasema vya juu nitaviona kesho, na jioni ile ile nikaenda kwa fundi cherehani wa Mtaa wa Swahili.

"Suruali ya nani?" aliniuliza.

"Yangu."

Akashusha miwani. "Dada, siku hizi wanawake wanakamatwa kwa nguo."

"Wanakamatwa kwa fupi. Mimi nataka ndefu, ya kupandia ngazi."

Hakukubali kunipima. Aliniangalia kwa mbali kama mtu anayenunua mbuzi, akakata kwa kukisia. Suruali ile ilinitosha mimi na ndugu mwingine mmoja, lakini niliivaa mpaka ikapauka. Choo cha wanawake pale saiti hakikuwapo na hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kingehitajika. Nilikuwa navuka barabara kwenda kwa Mama Somoe, mama wa Kizaramo aliyekuwa akituuzia chai na uji, ambaye alinikaribisha uani kwake tangu siku ya pili bila kuuliza maswali. Mnaposikia watu wakitaja waliowafungulia njia, mimi huanza na yeye.

Mnyapara wetu alikuwa Mzee Mtopa, mtu wa Lindi, aliyejenga tangu enzi za Mwingereza. Vibarua walimsikiliza yeye kwanza, mimi baadaye, na Ndugu Lyoba, meneja wetu, pale tu alipokuwa anawaangalia. Mzee Mtopa hakunichukia. Tatizo lake lilikuwa jingine, na nililiona wiki ile ile ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mzee, nguzo ya kona ile imepinda. Naomba ibomolewe."

Aligeuza kofia yake mkononi. "Sasa wewe mwanangu, umeshaniamkia shikamoo. Unaniambiaje nibomoe?"

"Ndiyo maana nimeanza na shikamoo, mzee."

Hakucheka, lakini nguzo ilibomolewa. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi nilimwamkia kwa heshima zote kama baba yangu, kisha nikamwambia kitu asichotaka kusikia, naye akaitika marahaba huku akikunja uso, akijua kinachokuja. Sijawahi kupata njia nyingine iliyo bora zaidi. Wenzangu wa kiume walioanza na amri walijengewa ngazi zilizopinda.

Yeye naye alinifundisha kitu ambacho darasani hakikuwepo. Sakafu ya zege, kabla haijakomaa, hushikiliwa kutoka chini na mirunda, yaani miti iliyosimamishwa na kukazwa kwa kabari. Mzee Mtopa alichukua kipande cha nondo akagonga mrunda mmoja, akagonga wa pili. "Sikiliza," akasema. Mrunda uliobeba mzigo unalia mlio mfupi, mkavu. Usiobeba kitu unaitika kivivu. Tangu siku hiyo nilikuwa napita kila asubuhi nikigonga mirunda yote, mmoja mmoja, na nikimaliza narudia. Vibarua wakanipa jina la Mama Wasiwasi, ingawa sikuwa nimezaa bado. Niliudhika siku chache, kisha nikaona hawajakosea.

Zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza liliangukia mwezi wa Ramadhani. Niliomba tusubiri Idi ipite. Ndugu Lyoba alikataa. Chini ya sakafu ile palikuwa pafunguliwe duka la ushirika, mgeni rasmi alikuwa ameshaalikwa, na mgeni rasmi akishaalikwa, zege hufuata ratiba yake yeye.

Tulianza alfajiri, tukitokea upande wa nyuma wa jengo kwenda mbele, mtaani. Asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Mchana mashine ya kuchanganyia ikafa. Zege likishaanza haliachwi ovyo katikati, kwa hiyo vijana wakaanza kuchanganya kwa beleshi, juu ya bati, kwenye jua lile la Dar es Salaam lisilo na huruma hata kwa aliyekunywa maji. Wengi wao walikuwa watu wa kusini, Waislamu, na walikuwa wamefunga. Nilikuwa na kifaa changu, koni ya bati, ambayo unaijaza zege halafu unaiinua. Zege zuri hushuka kidogo na kubaki na umbo lake. La alasiri ile lilitandaa lote kwenye bati. Niligeuka nikamkuta Mzee Mtopa ameshika debe la maji.

"Mzee, maji yamezidi."

"Yamezidi kidogo."

"Si kidogo. Zege hili halitakuwa na nguvu."

Alinionyesha vijana wake kwa kidevu. Midomo yao ilikuwa imepauka. "Watu wamefunga, mwanangu, na zege kavu ni zito kulivuta. Wao hawanywi. Basi liache zege linywe, tuwahi futari."

Nilikimbilia kibandani kwa Ndugu Lyoba. Nikamwambia tusimamishe, tukate kiungo, yaani zege tuliishie mahali panapofaa, tumalizie kesho na mashine ikiwa nzima. Akasema kesho hakuna saruji, iliyopo ndiyo hii, na iliyofunguliwa haifungwi tena. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonikera zaidi. Adhana ya magharibi ilipolia, sehemu yote ya mbele, ile ya upande wa mtaani, ilikuwa imejaa zege la maji. Vijana walikaa juu ya mbao wakafuturu tende na uji wa Mama Somoe, na mimi nikapewa kikombe changu. Niliunywa ule uji nikiwa na kinyongo nao wote, na huruma pia, kwa sababu mimi mchana nilikuwa nimekula kwa kujificha uani.

Siku ile nilikuwa nimejaza visanduku vya chuma kwa zege la asubuhi na la alasiri, ili vipande vyake vikapondwe maabara kupima nguvu. Siku yake ilipofika, vya asubuhi vilivumilia vizuri. Vya alasiri vilisagika mapema mno, hata fundi wa maabara akaniuliza kama nimemletea udongo.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu ili nipate muda wa kupanga maneno. Haikusaidia. Ndugu Lyoba alikuwa ameshaamua mirunda yote iondolewe, ukumbi wa mbele upakwe rangi, sherehe ifanyike humo ndani.

"Mirunda ya mbele haiwezi kutoka," nilimwambia. "Vipande vya alasiri vimefeli. Sakafu ile inashikiliwa na miti, siyo na nguvu zake."

"Ndugu Aikande, vipande hivyo ulivitunza wapi?"

"Kwenye pipa la maji, kama inavyotakiwa."

"Pipa la nani? Watoto wa Mama Somoe wanaogea mapipa yote ya mtaa huu." Akaegemea kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga kama mimi, tofauti ni kwamba yeye aliogopa watu na mimi niliogopa vitu. "Nikuambie ukweli. Walipokuleta, wizarani waliniuliza kama mwanamke ataweza kazi ya saiti. Nikasema tumjaribu. Sasa sherehe ikiharibika, nitawaambia nini? Nitawaambia kwamba ana wasiwasi? Wewe utarudi chumba cha ramani ukachore mpaka uzeeke, sawa. Lakini na hao watakaomaliza chuo baada yako, usidhani mtu atawajaribu."

Hilo lilinipiga pabaya. Nyuma yangu chuoni nilikuwa nimeacha wasichana wawili, na mmoja wao aliniandikia kuniuliza kama saiti kunakalika. Nilikaa na maneno ya Ndugu Lyoba kutwa nzima. Nikakosea, wasichana wenzangu wanafungiwa mlango. Nikanyamaza, watu wanakandamizwa na zege. Nilijaribu kuona ni lipi zito zaidi, ingawa jibu lilikuwa wazi. Kesho yake nikamwamkia, nikamwambia siondoi. Akasema basi sherehe ifanyike nje, mtaani, chini ya turubai, na mirunda ibaki. Mgambo atasimama kwenye ngazi asipande mtu. Nilimshukuru mpaka nikaona haya.

Nilisahau kwamba Ndugu Lyoba alikuwa amekulia Kariakoo. Asubuhi ya sherehe nilifika nikakuta ukumbi wa mbele umeng'aa, chokaa mpya, sakafu imefagiliwa, na nusu ya mirunda haipo.

"Iko wapi?" nilimuuliza Mzee Mtopa. Hata shikamoo nilisahau.

Aliangalia chini. "Imechukuliwa jana jioni baada ya wewe kuondoka, imepelekwa saiti ya Ilala. Ndugu Lyoba amesema, wewe ulitaka ibaki yote, yeye alitaka itoke yote, basi mgawane nusu kwa nusu."

Alikuwa amepatana bei. Mtu akisema kumi, mwingine akasema tano, wanakutana katikati na kila mmoja anaondoka ameridhika. Zege halipatani. Nilichukua kipande cha nondo nikagonga mirunda iliyobaki. Hapakuwa na hata mmoja ulioitika kivivu. Yote ililia ule mlio mfupi, mkavu, mkavu kuliko nilivyowahi kuusikia. Nilimwangalia Mzee Mtopa na nikaona naye amesikia.

"Inashikilia," akasema taratibu. "Ilimradi juu pasipande mtu."

Kupata mirunda mingine kulihitaji lori, na mtaa ulishafungwa kwa ajili ya msafara. Nikaenda kusimama karibu na yule mgambo wa kwenye ngazi. Ngazi yetu ilikuwa ya zege tupu, nyembamba, bado haina vyuma vya kushikilia. Watu walianza kujaa kabla jua halijawa kali, wamama na watoto mgongoni, wapagazi wa sokoni, wanafunzi wameleta ngoma. Mgeni alichelewa, kama wageni wote. Kisha mtu akapiga kelele kwamba gari limeonekana, amri ikatoka kwamba mgambo wote wajipange mbele, na mgambo wangu akaondoka. Nilisimama kwenye ngazi peke yangu, nimenyoosha mikono.

Hamkupata kujua umati wa siku hizo. Walinipita kwa adabu kabisa. "Samahani dada." "Tupishe kidogo, dada." Muda si mrefu sakafu ya juu ikajaa, na wote walikwenda mbele, ukingoni, upande wa mtaani, ili wamwone mgeni. Yaani walikwenda kusimama juu ya zege la alasiri.

Nilipanda nikawaambia washuke. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema, "Na wewe tafuta pako usimame." Nilitaka kupaza sauti niseme sakafu inaanguka, na neno lilinifika kooni. Nikaiangalia ile ngazi. Ningesema hivyo, wangekimbilia wote pale penye mlango mmoja, ngazi isiyo na ukingo, na ambao wangesalimika na zege wangekanyagwa na wenzao. Nikashuka. Vidato nilivikanyaga viwili viwili, nikashukuru upana wa ile suruali. Chini, Mzee Mtopa alikuwa ameweka kiganja kwenye mrunda wa katikati.

"Mrunda unasemaje?" nilimuuliza.

"Unatetemeka," akajibu.

Wakati huo Mama Somoe akapita mlangoni pa ukumbi na kikapu chake mkononi, akitoka kurudisha vikombe. Sijui mawazo hutoka wapi. Niliona kile kikapu na nikajua la kufanya.

Ninyi mmekulia kwenye maduka yaliyojaa, kwa hiyo nieleze. Miaka ile sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na hata viberiti vilikuwa vinakuja vinapotaka. Mtu wa Dar es Salaam alikuwa hatembei bila kikapu au mfuko, na akiona watu wamepanga mstari mbele ya mlango, alisimama kwanza, akauliza baadaye. Ukianza kwa kuuliza, unapitwa na watu kumi. Nimewahi kupanga foleni ndefu ya Kariakoo nikatoka na nyembe za kunyolea ndevu.

"Mama," nilimwambia Mama Somoe, "nenda kasimame kwenye mlango wa nyuma wa duka, kule mtaa wa nyuma, na kikapu chako."

"Kimeletwa nini?"

"Simama tu, mama. Nakuomba. Ukiulizwa, sema hujui."

"Mbona kweli sijui," akasema, akaenda.

Mzee Mtopa akanielewa kabla sijamwambia. Alichukua lile debe lake la maji, akaenda kusimama nyuma ya Mama Somoe akilikumbatia. Mimi nikavua kofia ngumu nikasimama wa tatu. Upande ule wa nyuma ulikuwa chini ya zege la asubuhi, nilikuwa na uhakika nalo, na foleni yenyewe ilikuwa nje kabisa. Tulisimama kimya, tunauangalia mlango uliofungwa kwa kufuli. Sijawahi kusali vile kanisani.

Akaja mpita njia mmoja na mfuko. Wakaja wasichana wawili. Kisha juu, kwenye ukingo wa sakafu upande wetu, kichwa cha mwanamke kikachungulia, na sauti ikaita, "Mama Zuhura! Kuna foleni huku!"

Walishuka. Hakuna aliyekimbia kwa hofu, walishuka kwa ile haraka ya heshima ya watu wanaojifanya hawana haraka, mmoja nyuma ya mwingine, wakishikana mabega kwenye ngazi. Wamama walitangulia. Vijana walibaki kidogo, lakini mama zao wakawaita waje kushika nafasi. Mgeni rasmi, ambaye gari lake lilikuwa limekwamishwa na umati, aliposhuka, ngoma zikalia, hotuba ikaanza, na juu ya zege letu hakukuwa na mtu. Nusu ya mkutano wake ilikuwa mtaa wa nyuma. Baadaye nilisikia aliuliza watu wamekwenda wapi, akaambiwa wananchi wa hapa wanapenda sana ushirika, wameshajipanga dukani.

Nilichomoka kwenye foleni nikarudi ukumbini na Mzee Mtopa. Mrunda wa katikati, ule aliokuwa ameuwekea kiganja, ulikuwa umepasuka kwa urefu, kutoka kwenye kabari mpaka usawa wa kifua changu. Wa jirani yake ulikuwa umepinda. Juu yake, katika chokaa mpya, ulikuwa umetokea mstari ambao asubuhi haukuwepo. Sherehe ilipokwisha Ndugu Lyoba alikuja akitabasamu, amelegeza tai ya shingoni. Aliona tumesimama, akaona tunachokiangalia. Aliingiza vidole kwenye ule ufa wa mti. Vikaingia.

"Lete lori," alimwambia Mzee Mtopa. "Mirunda yote irudi."

Hakuniomba radhi na sikuhitaji. Sehemu ya mbele ilibomolewa na kumwagwa upya, baada ya Idi, asubuhi, kwa mashine nzima. Mzee Mtopa alilimwaga zege mwenyewe, na kila karai nne tano aliniita nije na koni yangu, hata pale ambapo hakukuwa na haja. Wizarani waliuliza habari zangu, kama ilivyokuwa kawaida yao. Ndugu Lyoba aliwajibu mbele yangu, kwa simu, sauti kavu: "Mama huyu anachelewesha kazi. Nileteeni mwingine." Wale wasichana wawili wa chuo walikuja mmoja baada ya mwingine, na wote nikawapeleka kwanza kwa Mama Somoe, kisha kwa Mzee Mtopa wakaamkie shikamoo. Fundi cherehani alishazoea. Wa pili alimpima kwa futi.

Jengo lile limesimama mpaka leo. Nikipita nagonga nguzo zake, na wauza vitenge wananiangalia kama mwehu.

Lakini nimeruka jambo moja, nalo ndilo hasa nililotaka mlijue. Jioni ile ya sherehe, turubai lilipokuwa linakunjwa, Mama Somoe alikuja kuniambia foleni bado ipo. Ilikuwa imekata kona. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilikwenda nikiogopa kuliko mchana, maana zege nilijua litafanya nini, watu sikujua.

Walikuwa wamechoka, wengine wamekaa kwenye kanga zao. Mbele kabisa, mahali pa Mama Somoe, palikuwa na jiwe. Mahali pa Mzee Mtopa palikuwa na debe lake. Mahali pangu pa tatu palikuwa na jiwe jingine, na nyuma yake, wale wa mwanzo wakiwa wameshakata tamaa, alisimama yule mama aliyeniambia nitafute pangu nisimame, mtoto amelala mgongoni.

"Nafasi yako hiyo," aliniambia. "Tumekushikia."

Nikawaambia hakuna kitu. Sukari haipo, sabuni haipo, na duka halifunguliwi leo.

"Umejuaje?" akauliza mwanamume mmoja.

"Foleni nimeianzisha mimi. Sakafu ile ya juu haikuwa imara. Nilikuwa na wasiwasi."

Mwanamume yule alinitukana, tusi la nguvu la Kariakoo, akaondoka. Wengine walimfuata wakinung'unika. Wapo waliobaki kwa sababu hawakuniamini, walidhani nataka wapungue ili nipate mimi. Yule mama alibaki mahali pake. Aliinua macho, akaiangalia ile sakafu, mpaka ukingoni mbele alipokuwa amesimama mchana. Akapeleka mkono nyuma akamshika mtoto wake mguu, akaushika hivyo muda mrefu bila kuuachia. Nilianza kumwomba msamaha.

Alinikatisha. Aliinama, akaliokota lile jiwe la nafasi yangu, akanitia mkononi.

"Siku nyingine ukiwa na wasiwasi," akasema, "wewe panga foleni tu. Sisi tutasimama nyuma yako."